Haradali, sukuma au kanzira? Mboga moja, majirani watatu

Haradali wengi wetu tunaijua kwa masikio kuliko kwa macho. Aliyelelewa madrasa ameisikia katika wasia wa Luqman kwa mwanawe, kwamba jambo hata likiwa na uzito wa chembe ya hardali na limefichwa ndani ya mwamba, Mwenyezi Mungu atalileta. Aliyelelewa kanisani anaikumbuka punje ya haradali ya Injili ya Mathayo, ambayo Waganda huiita kaladaali. Sasa mwombe mmoja wao akuonyeshe mmea wenyewe bustanini. Atatazama huku na huku, kisha atakuonyesha sukuma wiki.

Mimi pia sikuijua. Nilinunua rai, yaani mbegu za haradali, katika duka moja la viungo mjini Kampala, zile punje za kahawia zinazorukaruka kwenye mafuta ya moto. Nusu ikaingia jikoni. Nusu nikaitawanya nyuma ya nyumba yetu huku Bombo, kaskazini mwa Kampala, kando ya ukuta wa bafu, nione kama itaota. Baada ya mwezi pakawa na kichaka cha majani mapana, ya kijani cha kung'aa, yenye kingo za meno meno, na watu wakaanza kutoa hukumu.

Jirani yangu Mganda alichungulia juu ya ukuta akasema, "Ssebo, sukuma yako imeharibika. Mbona nyepesi hivi?" Mzee wa nyumba ya tatu, mwanajeshi mstaafu, alikataa katakata. "Kijana, hii ni figiri. Kule Arusha tulikuwa tunaila na ugali kila siku." Wiki iliyofuata akaja shangazi yangu kutoka Busia. Hata kiti hakukaa. "Kanzira hii, mwanangu. Ila umeibananisha kama abiria wa matatu."

Hakuna aliyepatia, na hakuna aliyekosa sana. Kila mmoja aliona upande mmoja wa ukoo. Ukiuelewa ukoo huo, kutambua mboga hizi kunakuwa kazi ya dakika mbili tu.

Wazee watatu na watoto watatu

Mboga zote zilizotajwa hapo juu ni za jenasi moja, Brassica. Ndani ya kila seli ya mmea mna nyuzi zinazobeba maagizo ya urithi, yaani kromosomu, na katika ukoo huu idadi yake inaeleza nani ni nani. Wapo wazee watatu. Wa kwanza ni haradali nyeusi, Brassica nigra, ambaye seti yake moja ina kromosomu 8. Wa pili ni Brassica oleracea mwenye 9. Huyu ndiye sukuma wiki, na ndiye pia kabichi, brokoli na koliflawa. Ndiyo, hizo zote ni spishi moja. Ni mikono ya wakulima, kwa karne nyingi, iliyochagua huyu awe na majani, yule afunge kichwa, mwingine avimbe maua. Wa tatu ni Brassica rapa mwenye 10, ambaye ni tanipu na pia ile mboga laini ambayo Watanzania huiita chainizi.

Wazee hawa waliwahi kuota karibu karibu, nyuki wakabeba chavua kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine, na mara chache sana ikatokea mbegu iliyobeba urithi wote wa wazazi wawili. Hesabu yake ni ya darasa la kwanza. Nane na kumi ni 18, na huyo ni Brassica juncea, haradali ya majani, ile iliyoota kwangu. Nane na tisa ni 17, na huyo ni Brassica carinata, haradali ya Ethiopia. Tisa na kumi ni 19, naye ni Brassica napus, anayejaza chupa za mafuta ya kanola.

Aliyeyaweka haya wazi ni mtaalamu wa mimea aliyezaliwa Tokyo mwaka 1898, baba Mkorea, mama Mjapani. Wakorea humwita Woo Jang-choon, lakini makala yake ya mwaka 1935 aliiandika kwa jina la Nagaharu U, na mchoro wake, wenye wazee watatu kwenye kona na watoto watatu katikati yao, unaitwa Pembetatu ya U hadi leo. Hakuishia kwenye hesabu. Alimchavusha mzee wa kumi kwa mzee wa tisa na kumpata mtoto wa 19 mikononi mwake, akathibitisha kwamba jambo hilo kweli linawezekana.

Sasa turudi ukutani kwangu. Kanzira ya shangazi, inayoliwa sana magharibi mwa Kenya, ndiyo carinata, mtoto wa 17. Mzee mmoja wa kanzira ni haradali nyeusi, kwa hiyo inawasha kidogo. Mzee wake mwingine ni wa upande wa sukuma, kwa hiyo jani lake ni nene na lina rangi iliyokolea. Haradali yangu nayo ina mzee huyo huyo mweusi, ila mzee wake wa pili ni wa upande wa chainizi, ndiyo maana jani ni jepesi na laini. Jirani yangu aliona ujamaa wa mbali na sukuma, shangazi akaona ndugu wa mzazi mmoja. Mzee wa Arusha alikuwa karibu pia, kwa sababu Tanzania jina figiri mara nyingi hupewa carinata hiyo hiyo. Balaa ni kwamba ukifungua kamusi, figili ni ile mboga ya mzizi, nyekundu au nyeupe, inayotafunwa mbichi. Huyo ni Raphanus, binamu kabisa nje ya pembetatu. Jina moja la sokoni linabeba mimea miwili, na mmea mmoja unabeba majina matatu. Ukitegemea majina peke yake utapotea.

Pakiti za mbegu nazo haziokoi mtu. Sukuma inauzwa kwenye pakiti zenye maneno kama Georgia Southern, na haradali moja maarufu inaitwa Southern Giant Curled. Mtu akisikia "ile ya Southern", anaweza kurudi nyumbani na yoyote kati ya hizo. Florida Broad Leaf ni haradali. Red Giant na Osaka Purple ni haradali pia, zenye majani ya zambarau. Thousand Headed ni sukuma.

Tone la maji, ulimi na subira

Nikienda bustani ya mtu sasa, jambo la kwanza ni maji. Chovya vidole kwenye kikombe, nyunyizia jani. Kwenye sukuma maji yanajikunja kuwa shanga na kuporomoka, jani linabaki kavu, kwa sababu lina vazi la nta. Lisugue kwa kidole gumba na utaiona nta ikitoka, pakibaki alama ya kijani kilichokolea. Kwenye haradali ya juncea maji yanatandaa na kulowesha. Kanzira iko katikati. Ina nta kidogo, shanga zinajikunja kwa uvivu. Jaribio hili nalipenda kwa sababu halihitaji kungoja maua, na mtoto wa miaka sita analiweza.

Jambo la pili ni ulimi. Vunja kipande cha jani bichi ukubwa wa kucha, ukitafune mbele ya mdomo bila kukimbilia kumeza. Sukuma ina uchungu wa mbali na utamu kidogo. Haradali inaanza kimya. Unadhani umedanganywa, kisha sekunde ya tatu au ya nne inapanda puani na macho yanalengwa na machozi. Kanzira inauma pia, lakini kwa adabu.

Huo ucheleweshaji una sababu yake. Mmea hauhifadhi ukali ukiwa tayari. Katika seli zake umeweka kitu kinachoitwa sinigrini, na mahali pengine umeweka kimeng'enya, mirosinezi. Vikiwa kila kimoja chumbani kwake, hakuna kinachotokea. Meno yako, au ya kiwavi, yanapobomoa kuta, viwili hivyo vinakutana na hapo ndipo yanapozaliwa mafuta makali ya haradali. Ni silaha dhidi ya walaji, na sisi tumeigeuza kiungo. Joto la sufuria linaharibu kimeng'enya, kwa hiyo jani lililopikwa linapoteza ukali wake karibu wote. Anayesema "mimi haradali siiwezi, inawasha" amekula mbichi, au iliyopikwa haraka mno. Sukuma nayo ina sinigrini, ila kiasi chake kwa kawaida ni kidogo.

Jambo la tatu, subira. Hapa Uganda ndilo linalofichua zaidi, na sioni likielezwa. Sukuma na kabichi hungoja baridi ndipo zitoe maua. Zinataka wiki kadhaa za joto la chini, nyuzi 10 au pungufu. Kampala na Bombo usiku wa kawaida haushuki chini ya nyuzi 16 hivi. Kwa hiyo sukuma yako itasimama mwaka, miwili, shina likirefuka kama fimbo ya mzee, wewe ukichuma tu bila kuona ua. Haradali haingoji baridi. Yangu ilianza kunyoosha shingo wiki ya saba, na jua lilipokaza wiki hiyo hiyo, ikakimbilia maua kana kwamba imesikia habari mbaya. Kanzira huvumilia zaidi ya hapo, lakini nayo itatoa maua bila kuomba baridi. Basi ukiona "sukuma" ya wiki nane yenye maua ya njano huku bondeni, haijaharibika. Si sukuma.

Ikishachanua, yaliyobaki ni rahisi. Tazama majani madogo ya juu kwenye shina la maua. Ukikuta msingi wa jani umelikumbatia shina, masikio mawili yamelizunguka kama mtoto mgongoni, huyo ni Brassica rapa, wa upande wa chainizi. Haradali na kanzira hazikumbatii. Jani la juu linasimama kwa kikonyo chake au linaishia kwa wembamba tu. Kisha tazama kilele cha shina la maua. Kwa rapa, maua yaliyofunguka yako sawa na matumba au juu yake. Kwa sukuma, siku utakapobahatika kuiona ikichanua, matumba ndiyo yako juu. Rangi nayo inasaidia kidogo. Juncea ni njano ya kukolea, carinata mara nyingi ni njano iliyopauka karibu na rangi ya krimu, na shina lake huwa na doa la zambarau. Usiishike rangi peke yake, jua la saa saba linabadilisha kila kitu.

Kuna alama moja ambayo watu hushikilia na inawadanganya, nayo ni vile vijisikio vidogo kwenye kikonyo cha jani, chini ya jani kubwa. Haradali inavyo. Kanzira inavyo. Baadhi ya sukuma inavyo pia. Viache.

Ikiwa bado ni miche, kumbuka kwamba ukoo wote huu huota na majani mawili ya kwanza yenye umbo la moyo, mapana, yenye mkato katikati ya ncha. Dodo, yaani mchicha, huota na vijani vyembamba virefu, mara nyingi na uwekundu chini. Nakati, mboga nyingine ya majani ya huku Uganda, ni wa ukoo wa nyanya; vijani vyake vya kwanza ni kama ncha ya mkuki. Hii ndiyo njia ya kujua kilichoota ni ulichopanda au ni kile kilichosafiri na samadi. Ndani ya ukoo wenyewe, umri huo, siwezi kuzitofautisha mboga hizi, na nikisikia mtu anasema anaweza namwomba aandike jibu, afunge bahasha, tungoje mwezi.

Kupanda bila kalenda ya watu wa theluji

Nyuma ya pakiti nyingi za mbegu za nje pameandikwa upande mwanzo wa machipuko, baada ya jalidi ya mwisho, yaani usiku wa mwisho wa baridi ya kugandisha. Huku hakuna jalidi ya mwisho kwa sababu hakuna ya kwanza. Mstari wa ikweta unaikata barabara ya Masaka pale Kayabwe, kilomita 70 hivi kutoka Kampala, na mchana wetu ni saa 12 mwaka mzima. Kule kwao siku ndefu za kiangazi ndizo zinazoisukuma haradali kutoa maua. Kwetu anayeisukuma ni kiu, joto na uzee. Kwa hiyo kalenda yako ni mvua. Huku katikati ya nchi kuna ttoggo, Machi hadi Mei, na ddumbi, kuanzia Septemba. Mtu wa Arua au Gulu ana msimu mmoja mrefu, Aprili hadi Oktoba hivi, wenye kupumua kidogo katikati. Aliye Kabale, karibu mita 1,900 juu ya bahari, ana baridi inayoifanya haradali ikae na majani muda mrefu. Huyo simhurumii hata kidogo.

Mwenye maji ya bomba au pipa la kukinga mvua anaweza kupanda mwezi wowote. Ila panda kidogo kidogo. Kosa langu la kwanza lilikuwa kumwaga mbegu zote siku moja. Nikala haradali wiki tatu hadi watoto wakaanza kuuliza kama kuna tatizo la fedha, kisha yote ikatoa maua pamoja na nikabaki mikono mitupu. Sasa napanda mstari wa urefu wa hatua mbili kila baada ya wiki tatu.

Kabla ya kutumia mbegu za duka la viungo, zijaribu, maana rai imehifadhiwa kwa ajili ya sufuria na hakuna aliyejali kama iko hai. Hesabu punje 20, zipange kwenye karatasi ya chooni iliyolowa, zikunje ndani ya mfuko wa nailoni, weka kabatini. Siku ya nne fungua. Zikiwa zimetoa mkia mweupe 15 au zaidi, panda kama kawaida. Zikiwa 8 hadi 14, panda mbegu maradufu. Chini ya hapo, zirudishe jikoni.

Mbegu ni ndogo, kwa hiyo ichanganye na mchanga mkavu ili isishuke yote mahali pamoja. Mfereji wa kina cha nusu sentimita hadi moja unatosha. Ikizikwa zaidi inachoka njiani. Huota siku ya tatu hadi ya saba. Ikifika kimo cha kidole, punguza, ubakize mche mmoja kila sentimita 15, kisha baadaye 30. Shangazi alitaka 45 kwa kanzira, na yuko sahihi, kanzira ni mmea wa kujitanua. Unayong'oa usitupe. Ndiyo mboga tamu kuliko zote utakazopata msimu huo.

Ardhi iwe na samadi iliyooza vizuri. Ya kuku mbichi itaunguza mizizi, na utaona jani la chini likikauka ncha. Hapa Kampala na vitongoji vyake watu wengi hawana ardhi, wana gunia, ndoo iliyopasuka na veranda. Gunia linafaa, mradi lisikauke. Haradali ikipata kiu siku mbili tatu ina majibu mawili tu, kuwa kali zaidi na kutoa maua. Kituo cha kilimo cha halmashauri ya jiji kule Kyanja kina bustani za mfano ambapo unaweza kuona ukulima wa aina hii kabla ya kununua chochote.

Kuanzia wiki ya nne au ya tano chuma majani ya nje, uache moyo na majani manne ya ndani. Asubuhi, kabla ya jua. Ukichuma saa nane mchana yanafika jikoni yakiwa yamelegea kama kitambaa cha deki.

Mahali pa kutopanda

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu uzuri mmoja wa mmea huu ni hatari yake. Juncea ni hodari wa kunyonya metali nzito kutoka ardhini, kama risasi na kadimiamu, na kuzipeleka kwenye majani. Wanasayansi wameitumia makusudi kusafisha udongo uliochafuliwa: wanaipanda, inanyonya, wanaing'oa na kuitupa mahali salama. Sasa fikiria mtu ameipanda pale palipokuwa gereji, au palipovunjwa betri za magari, au bondeni ambako maji machafu ya mji hupita, kisha badala ya kuitupa ameikata kata na kitunguu. Jani halitaonyesha lolote. Litakuwa la kijani, nene, la kupendeza, na kuliosha hakutasaidia, maana sumu haiko juu ya jani.

Kabla ya kupanda, uliza wazee wa mtaa palikuwa na nini hapo zamani. Kama jibu ni gereji, jalala, au mfereji wa kiwanda, leta udongo kutoka mahali pengine uweke kwenye gunia au ndoo. Kando ya barabara kuu pia sipapendi. Na mboga ya kununua, ukiweza, uliza ilikolimwa. Muuzaji ataudhika. Mwache audhike.

Wadudu nitawataja upesi. Matundu madogo kama ya sindano kwenye miche ni mende warukao. Wakishambulia wiki mbili za kwanza wanaua, baada ya hapo wanachafua sura tu. Kiwavi mdogo wa kijani anayejinyonganyonga na kuning'inia kwa uzi ukimgusa ni wa nondo wa mgongo wa almasi, adui wa ukoo mzima, na dawa nyingi amekwisha kuzizoea. Mtafute chini ya majani asubuhi na umponde. Vidukari wa kijivu wenye unga hukaa kwenye moyo. Maji ya sabuni kidogo yanawaangusha, suuza baadaye. Ugonjwa wa kuogopa ni uozo mweusi. Dalili yake ni doa la njano lenye umbo la V, mdomo wake kwenye ukingo wa jani na ncha ikielekea katikati, mishipa ikiwa myeusi. Unasafiri kwenye mbegu. Mmea huo ng'oa, usiuache kwenye samadi, usihifadhi mbegu zake, na pale ulipokuwa usipande sukuma, kabichi wala haradali kwa miaka miwili au mitatu. Panda maharage.

Sufuria, na mbegu za mwaka ujao

Mapishi kila nyumba ina yake. Kwetu majani hutupwa kwenye maji yanayochemka dakika mbili, yakamuliwe, kisha yaingie kwenye kitunguu na nyanya, mwisho kijiko kikubwa cha odi, ule mchanganyiko wa karanga na simsimu kutoka kaskazini. Ukali unabaki kama harufu tu. Na posho, yaani ugali. Mtu anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda kama warfarini asibadilishe ghafla kiasi cha majani haya anachokula bila kumwambia daktari wake, maana yana vitamini K nyingi na vitamini hiyo huvutana na dawa.

Kuhusu kanzira nina habari moja ya kuchekesha. Mwezi Oktoba mwaka 2012, huko Kanada, ndege ndogo ya abiria iliruka ikitumia mafuta yaliyotengenezwa kutokana na mbegu za carinata tupu, bila kuchanganywa na mafuta ya taa ya ndege. Nilimweleza shangazi kwa simu. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Na majani waliyafanya nini?"

Mbegu zenyewe ndizo zinazoifanya haradali iwe mboga ya mtu asiye na fedha. Mbegu za sukuma huwezi kuzipata huku bondeni, kwa ile sababu ya baridi, na hata aliye nyanda za juu akizipata, sukuma inategemea chavua ya mmea mwingine. Nyuki akitoka kwenye kabichi ya jirani, mwakani utapanda na kupata kitu kisichojulikana ni sukuma au ni kabichi. Haradali na kanzira kwa kiasi kikubwa hujichavusha zenyewe, hivyo mtoto hufanana na mzazi. Acha mimea mitano au sita iliyochelewa kutoa maua. Iliyochelewa, nasisitiza, ukikusanya kutoka kwa ile ya kwanza kuchanua, unachagua haraka, na mwaka ujao itachanua mapema zaidi.

Viganda vyake ni vyembamba kama njiti ya kibiriti, na ncha ina mdomo mrefu kama wa ndege. Vikianza kugeuka rangi ya majani makavu, kata shina zima alfajiri, kungali umande. Ukingoja saa sita, viganda vinapasuka mkononi na mbegu zinaruka ardhini. Yangu niliyatia ndani ya foronya ya mto, nikayaning'iniza jikoni wiki moja, nikayapiga kwa mti wa kufulia, nikapeta kwenye ungo. Mimea sita ilinipa kikombe cha chai karibu kijae.

Nilikuwa bado napeta jirani yangu alipochungulia tena juu ya ukuta. Alitazama ungo, akatazama mimi, akanyoosha kiganja.

"Ssebo, nigawie basi na mimi," alisema. "Hizo mbegu za sukuma yako iliyoharibika."